Korona, degedege na kadi ya kliniki

Usiku mmoja wa Julai 2021, nyumba ya dada yangu ilinuka mchaichai na mkaratusi kila chumba. Sufuria la nyungu lilikuwa halijaondoka jikoni tangu asubuhi. Waliosikia harufu hiyo ni sisi wageni tu. Wenyeji pua zao zilishakufa siku tatu nyuma, hata kitunguu kiungue hawana habari. Wote walikuwa wanakohoa, na wote walikuwa na "mafua haya ya sasa". Jina lenyewe hakulitaja mtu.

Saa nane usiku mtoto wa mwisho, wa mwaka mmoja na miezi minane, akachemka mwili. Kabla dawa ya homa haijapatikana, macho yakapinduka, meno yakakaza, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Kwa saa ya simu yangu zilipita dakika tatu. Mama yake hadi leo anasema ilikuwa nusu saa. Mama mkwe wake akatoka chumbani na neno ambalo kila mtu wa pwani analijua, degedege, pamoja na agizo linalokwenda nalo: mtoto asichomwe sindano.

Alichomwa. Kipimo cha malaria kilisema hana, akaandikiwa dawa ya malaria hivyo hivyo, na kwenye daftari lake yakabaki maneno mawili: "homa, degedege". Hakuna aliyeuliza nyumbani anakohoa nani. Simlaumu sana aliyekuwa zamu. Siku zile kipimo cha korona, kwa watu kama sisi, kilikuwa kitu cha wasafiri wa ndege. Kesho yake jioni mtoto alikuwa amerudi, anakimbiza kuku.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za korona na ubongo wa watoto, kwa ule udadisi wa mjomba ambaye si daktari. Niliyoyapata yamenipunguzia hofu juu ya kirusi chenyewe. Hofu yangu imehamia kwenye namna tunavyohesabu.

Tuanze na namba iliyozunguka kuliko zote. Machi 2021 madaktari wa Marekani walitoa ripoti ya wagonjwa 1,695 wenye umri chini ya miaka 21, waliolazwa kwa korona katika hospitali 61 kati ya Machi 15 na Desemba 15, 2020. Wagonjwa 365, yaani asilimia 22, walionyesha dalili za ubongo au mishipa ya fahamu. Kwenye makundi ya WhatsApp namba hiyo ilifika ikiwa imevuliwa nguo zake zote: mtoto mmoja kati ya watano, korona inampiga ubongo. Nililetewa ujumbe huo na watu wanne, mmoja wao mwalimu wa hesabu.

Mwalimu angeuliza swali analowauliza wanafunzi wake kila siku, mmoja kati ya wangapi, na hao wangapi ni akina nani, ujumbe ungeishia kwenye simu yake. Hao 1,695 walikuwa watoto na vijana waliolazwa. Walio wengi wanaoambukizwa hawafiki hata zahanati. Wanapiga chafya siku mbili, wanaendelea na mpira. Ukitaka kujua hatari ya kuendesha baiskeli ukaenda kuhesabu majeruhi wodini, utarudi nyumbani uichome baiskeli ya mwanao.

Halafu, katika hao 365, wagonjwa 322 dalili zao zilikuwa za kupita: kichwa kuuma, harufu na ladha kupotea, kuchoka kupita kiasi, wengine kuchanganyikiwa kwa muda. Waliobaki 43 ndio hasa habari. Kumi na watano kazi ya ubongo ilivurugika vibaya. Kumi na wawili walipata kiharusi. Wanane walikuwa na maambukizi ya ubongo, au ule uvimbe ambao kinga ya mwili inashambulia ganda la nyuzi za neva. Wanne ubongo ulivimba ghafla na kwa kasi. Wanne wengine walipatwa na Guillain-Barré, ugonjwa unaoanza na ganzi au udhaifu wa miguu ukapanda juu, na ukizidi unafika kwenye pumzi. Kumi na mmoja kati ya hao 43 walikufa. Kati ya 32 waliobaki hai, 17 walitoka hospitalini na kasoro mpya ya neva.

Kiharusi kwa mtoto. Huku kwetu neno hilo ni la babu mwenye presha aliyekataa kuacha chumvi. Ukimwambia mtu kwamba mtoto wa shule ya msingi amepooza upande mmoja, ataanza kutafuta jirani mwenye husuda. Kwa hiyo sisemi jambo hili ni dogo. Nasema ni adimu: hao 43 ni kama asilimia mbili na nusu ya waliolazwa, na waliolazwa wenyewe ni tone katika walioambukizwa. Adimu haina maana ya hakuna. Polio nayo huleta kupooza kwa maambukizi kama moja tu katika 200, na sote tumewaona watu wanaotembelea mikongojo kwa sababu yake. Tone la bahari linaweza kujaza ndoo nyingi.

Uingereza ilitoa hesabu yake mwaka huo huo, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Huko walipata watoto 52 wenye matatizo ya neva kati ya 1,334 waliolazwa wakiwa na korona, wakakadiria asilimia 3.8. Asilimia 22 Marekani, 3.8 Uingereza, kirusi ni kile kile. Tofauti kubwa iko kwenye kilichohesabiwa. Wamarekani walihesabu hata kichwa kuuma na pua kupoteza harufu. Waingereza walikusanya taarifa zilizoletwa na madaktari bingwa wa neva za watoto, na daktari wa namna hiyo haitwi usiku kwa sababu ya kichwa kuuma. Yeyote anayekupa mojawapo ya namba hizi bila kukuambia ilivyopatikana anakuuzia samaki aliyefungwa kwenye gazeti.

Waingereza waliona jambo jingine ambalo linaeleza mengi: wagonjwa wao waligawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, watoto 27, waliugua wakati wa korona yenyewe au karibu nayo: degedege lisilokatika, ubongo kuvimba, Guillain-Barré, kuona na kusikia yasiyokuwepo. Fungu la pili, watoto 25, waliugua ule mlipuko wa uvimbe mwili mzima unaokuja baadaye, wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi ambayo pengine mzazi hakuyaona kabisa. Hao walikuja wamechanganyikiwa, tabia zimebadilika, dalili zimeenea hadi moyoni na tumboni, na walihitaji chumba cha uangalizi maalumu zaidi kuliko wenzao. Katika wote 52 alikufa mmoja; kama theluthi walitoka hospitalini na ulemavu wa namna fulani.

Mlipuko huo una historia inayotugusa. Aprili 2020 huduma ya afya ya Uingereza iliwatahadharisha madaktari wake kuhusu watoto wanaolazwa na homa kali, upele, tumbo kuuma na moyo kulegea. Ripoti ya kwanza iliyojulikana sana, ya Mei 2020, ilieleza watoto wanane wa kusini mashariki mwa Uingereza, na sita kati yao walikuwa na asili ya Afrika na visiwa vya Karibi. Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, madaktari walipowapima watoto 27 wenye hali hiyo walikuta wanne wana dalili mpya za ubongo: kuchanganyikiwa, kichwa, misuli kulegea. Picha zao zilionyesha alama kwenye sehemu ya nyuma ya daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kusini mwa Afrika nako, hospitali za Cape Town, pamoja na ile ya watoto ya Red Cross, zilikuwa miongoni mwa za kwanza barani kueleza mlipuko huu, kwa watoto 23 waliougua mwaka 2020.

Na kirusi chenyewe ubongoni kikoje? Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tumezoea picha ya mdudu anayeingia mahali akapatafuna. Katika korona ya watoto, madaktari walipochunguza maji ya uti wa mgongo mara nyingi hawakukuta kirusi. Walichokikuta ni alama za kinga iliyopandwa na hasira: kemikali za uvimbe, mishipa midogo ya damu iliyochubuka, damu inayoganda ovyo, pengine askari wa mwili walioshika silaha dhidi ya mwenye nyumba. Homa peke yake nayo ina kazi yake.

Wazo kwamba ugonjwa usioingia ubongoni unaweza kuuharibu si geni Afrika Mashariki. Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alikuta katika miaka ya 1960 watoto wenye kifafa cha kutikisa kichwa. Ugonjwa wa namna hiyo ukaja kujulikana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Unafuatana na maeneo ya usubi, minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mtoni, na minyoo hiyo haikutwi ubongoni. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya watoto hao wana kingamwili zinazogongana na protini ya neva zao wenyewe. Ubishi juu ya chanzo bado haujafungwa. Lakini mzee wa Mahenge ukimwambia kwamba ugonjwa unaweza kupita mguuni na ngozini, na deni likalipwa kichwani miaka baadaye, hatakushangaa.

Nirudi kwenye degedege, maana ndilo lililotufikia sisi.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Ulaya na Marekani inakadiriwa kwamba watoto wawili hadi watano katika kila mia hulipata angalau mara moja. Likiwa fupi, la mwili mzima, lisirudie siku hiyo hiyo, kwa kawaida haliachi kovu ubongoni, ingawa mzazi linamwachia. Omikroni, ile sura mpya ya korona, ilipolipuka Afrika Kusini mwishoni mwa 2021, madaktari wa Tshwane waliona jambo ambalo mawimbi ya kwanza hayakulionyesha kwa kiasi hicho: katika kundi la watoto waliolazwa ambalo walilichunguza kwa kina, karibu mmoja kati ya watano aliletwa akiwa na degedege. (Tazama tena: kati ya waliolazwa.) Omikroni iliambukiza watoto wadogo kwa wingi, tena kwa haraka, na watoto wadogo ndio wenye umri wa degedege. Kwa hiyo nikitazama nyuma, mtoto wa dada yangu, ingawa aliugua kabla ya Omikroni, yaelekea alipata jambo la kawaida kabisa kutoka kwenye kirusi kilichokuwa kimewalaza wote nyumbani. Uthibitisho sina, na sitaupata.

Anayesoma hapa akiwa na mtoto wa umri huo ashike haya. Mlaze ubavu, mahali ambapo hawezi kuanguka wala kujigonga. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala mafuta, wala maji. Tazama saa. Likipita dakika tano, au likirudi, au mtoto asipoamka vizuri baada yake, au shingo ikikakamaa, kimbia hospitali bila kusubiri kuche. Na hata likiisha lenyewe, mpeleke apimwe chanzo cha homa, kwa sababu malaria na homa ya uti wa mgongo haziombi radhi.

Sasa mama mkwe na sindano yake. Ujana wangu nilikuwa nacheka nikisikia kwamba sindano humuua mtoto mwenye degedege. Siku hizi sicheki. Wazee wa Bagamoyo na pwani yote waliona kwa macho yao: mtoto akishikwa, anaanza kwa mganga, anaoshwa kwa majani, anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Wengi wanaamka, kwa sababu degedege fupi huisha lenyewe hata ukifukiza karatasi. Wasioamka, wale ambao malaria imeshawapanda kichwani, ndio wanaobebwa kwenda hospitali siku ya tatu. Huko wanachomwa sindano, na huko wengi wanakufa. Bibi aliyehesabu maisha yake yote akapata jumla iliyo wazi: waliofukizwa walipona, waliochomwa walikufa. Hesabu yake haikuwa na uongo ndani yake. Ilikosa tu swali la nani alifika kwenye sindano, na kwa hali gani. Ni kosa lile lile la mwalimu wangu wa hesabu na asilimia 22, ila bibi hakuwa na intaneti ya kumtetea.

Hospitali zenyewe hazijaponyoka kosa la aina hiyo. Mjini Blantyre, Malawi, Terrie Taylor na wenzake waliwapasua watoto 31 waliokufa wakiwa wameandikwa malaria ya ubongo kwa vigezo vyote vinavyokubalika. Ripoti yao ya 2004 ilisema saba kati yao waliuawa na kitu kingine. Vimelea walikuwemo kwenye damu, naam, kwa sababu katika nchi ya malaria unaweza kuwakuta hata kwa mtoto anayecheza. Hapo ni hospitali kubwa ya rufaa yenye watafiti waliobobea. Je, ile zahanati ya barabara ya vumbi, yenye muuguzi mmoja na foleni hadi nje, ambako homa na degedege vina jina moja tu tangu mkoloni?

Katika hali hiyo korona ilipita kati yetu kama mtu aliyejifunika kanga. Mjini Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 mochwari wakawakuta na kirusi watu 70, saba wao watoto. Wachache mno walikuwa wamepimwa wakiwa hai. Kenya, damu za wachangiaji zilionyesha dalili za maambukizi kwa asilimia 4.3 katikati ya 2020, zikafika asilimia 48.5 miezi ya kwanza ya 2021. Nusu ya wachangiaji, na serikali ikitangaza kila jioni visa vya mamia. Tanzania tulikwenda mbali zaidi: mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ukafuata ukimya wa zaidi ya mwaka mmoja. Walimu wetu walituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba anayeficha hesabu hata kifo kinaweza kupita kisimuumbue, kwa sababu hakuna daftari la kukiandika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza watoto wangapi wa Afrika Mashariki waliguswa ubongo na korona, jibu langu ni kwamba swali halina juu wala chini. Hatuna idadi ya walioumia, hatuna idadi ya walioambukizwa. Kinachotuletea kiburi, kwamba "watoto wetu korona haikuwafanya kitu", kimejengwa juu ya kutokuangalia.

Upande wa pili wa shilingi nao una mtego wake, na hapa nina ugomvi mdogo na wenzangu wanaoandika kwamba kila mtoto mzito darasani ni masalia ya korona. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliwafuatilia vijana wa miaka 11 hadi 17 waliopimwa mwanzoni mwa 2021. Miezi mitatu baadaye, asilimia 66.5 ya waliokuwa na korona walikuwa na dalili angalau moja: uchovu, kichwa, pumzi. Ungeishia hapo ungepiga yowe. Lakini hao Waingereza walikuwa na busara ya kuwauliza pia wenzao ambao kipimo kilisema hawana, na asilimia 53.3 walisema wana dalili. Zaidi ya nusu! Ni vijana waliofungiwa ndani msimu wa baridi, shule imefungwa, bibi amekufa hospitalini bila kuagwa. Nani asingeumwa kichwa? Tofauti ya kweli ilionekana kwa wenye dalili tatu au zaidi kwa pamoja: asilimia 30.3 dhidi ya 16.2. Tofauti hiyo si ya kupuuza hata kidogo. Bila kundi la pili tusingeiona, au tungeiona zaidi ya mara mbili ya ilivyo.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa maelezo ya korona ya muda mrefu kwa watoto, Februari 2023, lilitaka dalili ziwe zimeanza ndani ya miezi mitatu na kudumu angalau miwili, likasema kwa kawaida huharibu maisha ya kila siku. Utafiti wa Marekani uliotolewa Agosti 2024, wenye watoto na vijana zaidi ya 5,000, uliongeza jambo ambalo walimu wangefaa kulijua: sura ya ugonjwa hubadilika na umri. Kwa watoto wa miaka sita hadi 11 zilijitokeza zaidi shida za kumbukumbu na kushindwa kutulia kwenye jambo moja, pamoja na usingizi mbaya na tumbo. Kwa vijana ilikuwa zaidi uchovu, maumivu, na harufu au ladha kubadilika. Mtoto wa darasa la tatu hatakuambia "kumbukumbu yangu imepungua". Atakuambia penseli imepotea, tena, na utamchapa.

Kwa watoto waliokuwa tumboni wakati mama anaugua, hadithi inageuka vichochoroni. Utafiti wa Massachusetts wa watoto 7,772 waliozaliwa 2020 ulikuta kwamba kati ya 222 ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito, asilimia 6.3 walipewa utambuzi wa tatizo la ukuaji wa akili au viungo ndani ya mwaka wa kwanza, dhidi ya asilimia 3.0 ya wengine. New York, watafiti wa Columbia waliwapima watoto 255 wenye miezi sita wakakuta mama kuambukizwa hakukuleta tofauti yoyote. Ila watoto wote hao, wa walioambukizwa na wa wasioambukizwa, walikuwa nyuma kidogo ya waliozaliwa kabla ya janga katika kutumia mikono na viungo na katika kuchangamana na watu. Janga lenyewe, na hofu yake na barakoa zake na shangazi asiyekuja kumbeba mtoto, lilikuwa limemgusa hata ambaye kirusi hakikumgusa.

Peleka hilo Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Mtoto aliyeingia kufungwa akiwa darasa la kwanza alitoka akiwa na umri wa la tatu, herufi zimemtoka, pengine amebeba tofali miezi kumi. Akishindwa kusoma leo, ni kirusi? Ni tofali? Ni malaria ya 2019? Mtu anayekujibu kwa uhakika ana kitu anauza.

Najua pingamizi, maana nimelipokea kwa sauti ya rafiki yangu muuguzi: "Kaka, sisi hapa hatuna oksijeni ya kutosha, wewe unataka tupime kumbukumbu?" Rafiki yangu ana haki ya kuchoka. Lakini kinachohitajika hapa hakikuanza na korona. Mulago, Kampala, watafiti wakiongozwa na Chandy John waliwafuatilia watoto wa miaka mitano hadi 12 waliopona malaria ya ubongo. Miaka miwili baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, wakiwa wanakimbia na kucheka, asilimia 26.3 walikuwa na upungufu wa akili katika angalau eneo moja, dhidi ya asilimia 7.6 ya watoto wa mtaa wao. Kilifi, Kenya, nako, watafiti wa neva wametumia miaka mingi kuonyesha kifafa na shida za lugha zinazobaki baada ya homa kushuka. Yaani sisi, kuliko Waingereza, ndio tuliokuwa na kila sababu ya kuuliza mapema: mtoto ameruhusiwa, je, ubongo wake umeruhusiwa pia?

Na hauhitaji mashine ya bilioni. MRI, mashine za kupiga picha ya ubongo, ni za hospitali kubwa, na madaktari bingwa wa neva za watoto unawahesabu kwa vidole. Hilo halitabadilika kesho. Lakini Kilifi kuna kipimo cha ukuaji wa mtoto kilichotungwa hapo hapo, kwa vitu ambavyo mtoto wa hapo amewahi kuviona, na Malawi ina cha kwake. Kazi yake ni ya mikono na macho: mtoto apange vipande vya mti, ashike kitu kidogo kwa vidole viwili, aelewe akiambiwa "leta", ajue anayemwita. Muuguzi akifundishwa anakifanya chini ya mwembe. Siku ya kuruhusiwa, kisha baada ya miezi sita, kwa kila mtoto aliyelazwa na degedege refu au kupoteza fahamu, awe na malaria, korona au kisichojulikana. Sihitaji hata jina la ugonjwa. Nahitaji tarehe, na mtu wa kuandika.

Kadi ya kliniki ya yule mtoto ninayo picha yake kwenye simu. Uzito upo, mstari unapanda vizuri kwenye rangi ya kijani. Chanjo zipo zote, hata matone ya vitamini A. Ule usiku wa Julai haupo popote. Daftari la hospitali lilipotea walipohama nyumba.

Ameanza darasa la kwanza. Muhula uliopita mwalimu alimwita dada yangu akamwambia mtoto anahesabu sawa, anaimba sawa, ila kuna nyakati anatazama dirishani na ukimwita haitiki hadi mara ya tatu. Nje ya dirisha hilo pana mwembe wenye kima, na mimi kwa moyo wangu wote nawashuku kima. Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha miaka 27, akauliza swali ambalo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kuliuliza: "Huyu aliwahi kushikwa na degedege?"

Dada akasema ndiyo, mara moja, mwaka ule wa mafua. Mwalimu akafungua daftari lake la mahudhurio na, kwa kuwa hapakuwa na safu ya jambo hilo, akaandika kwa penseli pembeni mwa jina lake.